Somo la leo: mkaa na maji ya kunywa, unanasa nini na unaachia nini

Kuna kikundi cha kuweka na kukopa upande wa Kasulu ambacho kililetewa chujio la mkaa na mchuuzi mmoja. Karatasi yake ilisema linaondoa dawa za kilimo, vijidudu, chumvi, floraidi, "na hata sukari bandia". Kikundi kilikuwa kimebakiza siku chache kuvunja mzunguko, na nusu ya wanachama walitaka fedha iende huko. Katibu wao, mama mmoja makini kweli, akaniuliza: "Bwana shamba, hiyo sukari bandia inafikaje kwenye kisima chetu, na mkaa unaitoaje?"

Swali zuri kuliko karatasi ya mchuuzi. Leo nalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu lake linagusa kila nyumba inayochota maji bondeni, Kasulu na Kibondo, na linagusa pia nyumba za kambini Nyarugusu na Nduta ambako maji ya bomba hutiwa klorini.

Tuanze na hiyo sukari bandia yenyewe. Ni kemikali zenye ladha tamu ambazo si sukari ya miwa. Ya zamani kuliko zote ni sakarini, iliyogunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Asesulfamu ilikuja 1967 kutoka Ujerumani, sukralosi 1976 kutoka Uingereza. Sukralosi ina utamu wa takribani mara 600 ya sukari ya kawaida, kwa hiyo kiwandani wanatia kidogo mno. Ukitaka kujua kama umekunywa, soma maandishi madogo kwenye chupa: E950 ni asesulfamu, E951 ni aspatamu, E954 ni sakarini, E955 ni sukralosi. Utaziona kwenye baadhi ya soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, jojo, dawa ya meno, na hata dawa za maji za watoto. Kwa hiyo mtu asiseme hivi vitu ni vya mjini tu. Duka la kijijini linaviuza.

Sasa vinafikaje kisimani? Hapa ndipo pana utamu wa somo, samahani kwa neno hilo. Aspatamu mwili unaivunja, inaisha. Lakini asesulfamu inaingia kwenye damu na kutoka kwenye mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia. Sukralosi sehemu kubwa haifyonzwi kabisa, inapita tumboni na kutoka na kinyesi. Kwa maneno mengine, unachokunywa leo kesho kiko chooni. Chooni nako sukralosi haiozi kwa urahisi kama vitu vingine, bakteria wengi wa udongoni hawaijui. Maji ya choo yakishuka ardhini, nayo inashuka. Yakifika kwenye maji ya kisima, nayo imefika.

Mwaka 2009 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba asesulfamu ni alama nzuri sana ya kutambua maji machafu ya majumbani ndani ya maji ya ardhini. Mbuzi haitengenezi asesulfamu, majani hayaitengenezi, mvua hailetwi nayo. Ukiikuta kwenye kisima, kuna njia kati ya choo cha mtu na kisima hicho. Ni shahidi asiyehongeka.

Sakarini peke yake ni shahidi wa kutiliwa shaka kidogo, na hili linatuhusu sisi wa kilimo. Baadhi ya dawa za magugu za kundi la sulfonilurea zikivunjika udongoni huacha sakarini. Pia kuna nchi ambako nguruwe wadogo hupewa chakula chenye sakarini, na inatoka na samadi. Kwa hiyo ukipata sakarini kisimani, huwezi kusema moja kwa moja ni choo, inaweza kuwa shamba au banda.

Je, ina madhara kiafya? Tupige hesabu. Kiwango cha sukralosi ambacho wataalamu wa kimataifa wa viambato vya vyakula wanasema mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 50 ni miligramu 750. Tuseme kisima chako kina mikrogramu 1 ya sukralosi kwa lita. Ili ufikie miligramu 750 itabidi unywe lita 750,000 kwa siku moja. Hiyo si kunywa, hiyo ni bwawa. Kwa hiyo mama katibu asikose usingizi kwa ajili ya sukari bandia. Akose usingizi kwa ajili ya ile njia iliyoileta, maana njia hiyohiyo inapitisha vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu, na hivyo havihitaji lita laki saba.

Wanaoumiza kichwa kuiondoa ni watu wa mitambo ya maji taka katika nchi zilizoendelea, ambao maji yao yanarudi mtoni na kunywewa na mji wa chini. Nao wanatumia kaboni, yaani ndugu yake mkaa wetu. Nataka mwelewe wanavyofanya, kwa sababu kuna kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya.

Kazi ya kwanza ni kunasa. Mkaa ukichomwa vizuri una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi kiasi kwamba gramu moja ya mkaa amilifu, yaani ule uliotengenezwa kiwandani kwa mvuke au kemikali, ina uso wa ndani wa kati ya mita za mraba 500 na 1,500. Fikiria, kijiko kidogo kina eneo zaidi ya shamba la mahindi la robo eka. Kemikali zikipita zinashika kwenye kuta za vitundu hivyo. Lakini ni kama ghala: likijaa limejaa, na mzigo unaokuja unapita nje. Tena ghala hili linachagua mzigo. Sukralosi inashika kwa kiasi, asesulfamu inashika vibaya kwa sababu ina chaji ya umeme na inapenda kubaki majini.

Kazi ya pili ni kuvunja, na hapa kaboni inaitwa kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga. Anawakutanisha wawili, mambo yakikamilika yeye hakai kwenye ile ndoa, anaondoka kwenda kushenga nyumba nyingine. Kwenye mitambo wanatia majini kemikali kali inayounguza, kama perisulfati, haidrojeni peroksaidi au ozoni. Yenyewe peke yake inafanya kazi polepole. Ikigusa uso wa kaboni, hasa kaboni iliyochanganywa na naitrojeni kidogo au chuma, elektroni zinahama na kuzaliwa chembe kali zinazorarua sukari bandia vipande vipande. Kaboni inabaki, inapokea nyingine. Ndiyo maana watafiti wanaipenda: ghala linajaa, mshenga hajai. Ingawa ukweli ni kwamba hata mshenga anachoka, uso wa kaboni unaunguzwa pole pole na kazi inapungua.

Na kuvunja si lazima kuwe kusafisha. Ukiivunja asesulfamu nusunusu unaweza kupata vipande vyenye sumu kuliko yenyewe, wakati yenyewe haikuwa na shida. Watafiti wameona hilo kwa asesulfamu inayovunjwa na mwanga mkali wa jua au taa za urujuanimno. Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia utie kemikali ya aina hiyo kwenye ndoo ya mkaa nyumbani "ili mkaa uwe kichocheo", mkatalie. Hiyo ni kazi ya mtambo wenye vipimo na mtu wa maabara.

Sasa turudi majumbani, maana kuna kazi ya kuvunja ambayo mkaa wenu unaifanya tayari na hamjui.

Nimewakuta akina mama, kambini na hata vijijini ambako watu wanatumia vidonge vya klorini, wanatumbukiza kipande cha mkaa kwenye mtungi ili "kuondoa harufu ya dawa". Na kweli harufu inaondoka, maji yanakuwa matamu. Lakini mkaa haukuficha harufu. Umeivunja klorini na kuigeuza kloridi, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi ya mezani, ambacho hakiui kijidudu chochote. (Mtaalamu wa kemia atasema hapa mkaa si mshenga kamili kwa kuwa nao unaliwa kidogo kidogo. Sawa, yuko sahihi.) Ile klorini ya harufu ndiyo iliyokuwa mlinzi. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere unaotumika kwenye kambi unataka maji yakifika bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita, makusudi, ili mkono wa mtoto au kata chafu ikiingia mtungini kuwe na kitu cha kupambana. Ukitia mkaa umemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Mkoa wetu haujasahau. Mei 2015 kipindupindu kiliwakuta wakimbizi wa Burundi Kagunga, pale ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kikafika Nyarugusu. Kwa hiyo hili la mkaa mtungini nalisema kwa ukali kidogo: lisifanyike. Kama harufu inakusumbua, mimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine mara kadhaa muda unapotaka kunywa, au acha kikombe chako wazi kidogo. Mtungi uache na klorini yake.

Kama mnataka mkaa na klorini vyote viwili, utaratibu ni mmoja tu: mkaa kwanza, klorini baadaye. Usigeuze.

Basi mkaa una kazi gani kwetu? Unayo, tena nzuri, ila si ile ya karatasi ya mchuuzi. Unaondoa harufu mbaya, rangi ya majani yaliyooza, na baadhi ya dawa za kilimo. Atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, inashika vizuri kwenye kaboni, hata mitambo mikubwa ya miji inatumia njia hiyo. Glaifoseti inashika vibaya. Umeona? Dawa mbili za magugu, pengine zimekaa rafu moja dukani, moja inanaswa na nyingine inapita. Naitreti ya mbolea inapita. Chumvi inapita. Vijidudu vinapita, na mkaa ukikaa na unyevu muda mrefu vinaweza hata kuzaliana humo ndani.

Floraidi nayo inapita kwenye mkaa wa miti. Huenda mchuuzi alisikia habari za Arusha akazichanganya. Kule maji mengi yana floraidi, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ina kalisi na fosfeti, hiyo ndiyo inayoikamata floraidi, si weusi wa mkaa. Kulekule Arusha Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vya kinano, akapata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Jambo ninalolipenda kwenye kazi yake ni kwamba chujio linapangwa kulingana na maji ya mahali husika. Kwanza unapima maji yana nini, ndipo unachagua cha kutia ndani. Mchuuzi wetu alianza na chujio.

Nikawashauri kikundi hivi. Kabla ya chujio, nendeni RUWASA wilaya muulize kuhusu kupimisha kisima. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Msiombe kipimo cha sukari bandia, kinahitaji mashine ya gharama kubwa na hakitawaongezea kitu. Ombeni vijidudu vya kinyesi na naitreti. Hivyo viwili vitawaambia habari ileile ya choo kwa bei nafuu. Halafu pimeni kwa miguu: choo kisiwe karibu na kisima chini ya mita 30, kisiwe upande wa juu wa mteremko, na shimo liishie angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye mabonde yetu, ambako masika maji yanapanda mpaka unayaona kwa jicho, hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi. Vyoo vingi vinachimbwa kiangazi, mwezi wa nane, maji yakiwa chini. Januari shimo linaogelea.

Na kwa upande wetu wa shamba: bomba la mgongoni lisisuuzwe kwenye chemchemi wala kijito. Maji ya kusuuzia yarudishe kwenye bomba, suuza mara tatu, nyunyiza shambani kwenye zao lilelile. Kuna mkulima mmoja wa tangawizi aliniambia anasuuzia mtoni kwa sababu "maji yanaondoka". Yanaondoka kwako, nikamwambia, yanafika kwa shemeji yako.

Wale ambao maji yao yana harufu au rangi, au wako chini ya mashamba yanayopuliziwa, na wanataka mkaa kama hatua ya ziada, watengeneze wenyewe, hauna siri kubwa.

Mkaa wa kupikia wa kawaida mara nyingi umechomwa kwa joto dogo, bado una mafuta ya moshi ndani na vitundu vyake vimeziba. Unatakiwa uliochomwa kwa joto kali zaidi, kwenye pipa au jiko lenye hewa ya kutosha kuchoma moshi wote. Vifuu vya kokwa za mawese, vinavyopatikana kwa wakamuaji wa ukanda wa ziwani, vinatoa mkaa mgumu mzuri sana. Magunzi nayo yanafaa ila yanavunjika kuwa vumbi. Jaribio langu ni hili: sugua kipande mkononi, kisha nawa kwa maji matupu. Ukitoka kirahisi ni mzuri. Ukiacha utelezi unaohitaji sabuni, haukuiva. Usitumie mbao zenye rangi au dawa ya mchwa, wala mkaa uliowashwa kwa mafuta ya taa au plastiki.

Ponda mpaka uwe saizi ya chenga za mchele, pepeta vumbi, osha hadi maji yatoke safi. Chukua ndoo ya lita 20 yenye koki chini. Weka kokoto safi kidogo, juu yake lita 10 za mkaa, halafu kitambaa safi na mchanga uliooshwa ili mkaa usielee. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa. Sasa la muhimu ambalo wengi wanalikosea ni mwendo. Maji yakipita mbio mkaa haupati muda wa kunasa. Funga koki mpaka chupa ya nusu lita ijae kwa dakika moja. Kwa lita 10 za mkaa hiyo inatoa muda wa mgusano wa dakika 20 kwa hesabu ya mitambo ya maji, na ndoo ya lita 20 itamaliza dakika 40. Anza asubuhi unapokwenda kupika chai. Maji yaliyotoka yatie klorini kama pakiti inavyoelekeza, subiri dakika 30, au yachemshe.

Mkaa ukijaa hauonyeshi alama. Ladha au harufu ikirudi, ujue ghala lilishajaa siku nyingi. Mimi nashauri kubadilisha mwanzoni mwa msimu wa kupulizia na tena katikati yake, na usingoje dalili. Na kama inajulikana dawa imemwagika kisimani, chujio hili halikuokoi. Acha kisima hicho, toa taarifa, chota kwingine.

Mkaa uliotolewa usiutupe kwenye mboga. Najua tumefundishana kwamba mkaa uliosagwa unasaidia udongo wetu mwekundu wenye tindikali, na ni kweli, lakini huo ni mkaa safi. Huu umebeba dawa. Ufukie kwenye shamba la miti mbali na maji, wala usiuchome jikoni. Nikiwa hapo hapo: anayetia mkaa safi shambani ajue pia kwamba unanasa dawa ya magugu inayopuliziwa kwenye udongo kabla ya kuota. Mtu anatia mkaa tani nzima, anapulizia, magugu yanaota kama hayajaona kitu, anakuja kulalamika dukani kwamba ameuziwa dawa feki.

Kile kikundi mwishowe waligawa fedha. Sehemu ilikwenda kwenye saruji ya kujenga ukingo na mfuniko wa kisima na mfereji wa kupitisha maji ya mvua pembeni, sehemu kwenye klorini ya msimu. Choo kimoja kilichokuwa juu ya kisima mwenyewe alikubali kukihamisha baada ya kuvuna maharage. Ndoo za mkaa wametengeneza nyumba nne kwa majaribio, zile zilizo chini kabisa ya mteremko. Wengine mnaotaka kufuata njia hiyo, ukingo na mfuniko vikamilike kabla ya mvua za Oktoba, kwa sababu mvua za kwanza ndizo zinazosomba kila kilicholala juu ya ardhi tangu Juni.